Gari Linapokataa Kujibu: Kupima Waya Kabla ya Kununua Kompyuta

(Hotuba iliyotolewa Kisiba, Wilaya ya Rungwe, mbele ya makatibu na wajumbe wa kamati za vyama vya msingi)



Katika mojawapo ya vyama vya msingi vya milima hii yuko katibu ambaye nusura aondolewe kazini kwa ajili ya fyuzi moja.

Hakuiba. Wala hakuna aliyethibitisha kwamba mtu mwingine yeyote ameiba. Hata hivyo fedha za wanachama zilitoka, kikanunuliwa kifaa kisichohitajiwa, na lori la chama likasimama zaidi ya majuma mawili katikati ya mavuno. Jina la chama hicho halitatajwa hapa, maana wanachama wake wamekwisha kuumia vya kutosha, na yaliyowapata yaweza kukipata chama chochote chenye gari la siku hizi.

Lori lenyewe lilinunuliwa likiwa limekwisha kutumika Ulaya. Nyuma halina zile springi za vyuma zilizopangwa moja juu ya nyingine, ambazo kila dereva wa Tukuyu anazijua. Linabebwa na mifuko ya mpira iliyojaa upepo. Asubuhi moja ya masika dereva alilikuta limelala upande wa kushoto nyuma, mithili ya ng'ombe aliyeumia mguu. Alipowasha injini, mishale ya upepo wa breki ilipanda kama kawaida, lakini ubavu ule haukuinuka, na kwenye dashibodi taa ya onyo haikuzimika.

Majani mabichi ya chai hayangoji kikao cha kamati. Yakishachumwa hupaswa kufika kiwandani siku ile ile, la sivyo hupata joto ndani ya mifuko, hugeuka rangi na kukataliwa mizanini. Chama kikakodi lori la mtu binafsi kwa malipo ya kila siku, na lori lake likapelekwa gereji mjini.

Fundi wa gereji alifanya jambo linalofanywa na mafundi wote sasa. Alitoa chombo chake cha kupimia, akachomeka plagi yake kwenye soketi iliyo chini ya usukani, akabonyeza. Chombo kikawaka vizuri, kikatafuta, kisha kikaandika kwamba hakuna mawasiliano na kompyuta ya mifuko ya upepo. Fundi akamgeukia katibu, akasema, “Kompyuta imekufa.” Jioni hiyo kamati ilikutana. Fedha iliyokuwa imetengwa kwa kununulia mifuko mipya ya kukusanyia majani ikaidhinishwa, ikanunuliwa kompyuta iliyong'olewa kwenye lori bovu la aina ile ile. Ikafungwa. Chombo kikachomekwa tena, na jibu likawa lile lile la kwanza: hakuna mawasiliano.

Hapo ndipo wanachama walipoanza kuulizana maswali kuhusu katibu wao.

Ili kufahamu kosa lilikuwa wapi, yafaa kwanza kufahamu mtambo wenyewe unavyofanya kazi. Si mgumu kama unavyodhaniwa. Kila upande kuna mfuko wa mpira mzito kati ya chasisi na ekseli. Kompresa inayojaza upepo wa breki ndiyo inayojaza mifuko hiyo pia, ila breki hupewa haki yao kwanza; mifuko hupata upepo baada ya breki kutosheka. Kwenye chasisi hufungwa sensa ya kimo, chombo kidogo chenye mkono ulioshikizwa kwenye ekseli. Gari likipakiwa mzigo, chasisi hushuka, mkono hugeuka, na sensa hupeleka habari kwa kompyuta. Kompyuta nayo hufungua vali kwa umeme, upepo ukaingia hadi kimo kirudi pale kilipopangwa. Mzigo ukishushwa, hufungua vali ya kutoa. Hayo yote hufanyika bila dereva kugusa kitu, isipokuwa anapotaka mwenyewe kupandisha au kushusha gari kwenye jukwaa la kupakia, ambapo hutumia vibonyezo vyake.

Mtambo wa namna hii, unaoamriwa na kompyuta, ulifungwa kwenye gari dogo la Marekani aina ya Lincoln mwaka 1984. Range Rover wa Uingereza waliuweka mwaka 1992, na malori na mabasi ya Ulaya yalikuwa nao tangu miaka ya 1980. Kwa hiyo si jambo jipya duniani. Jipya ni kwamba magari hayo, yakiwa yamechoka huko yalikotumika, sasa yanateremka barabara ya Uyole hadi Kasumulu na kuingia katika njia za udongo za Rungwe, ambako mvua hunyesha kiasi cha kuushangaza umeme wa gari lolote.

Wazee waliopo wanazikumbuka enzi za vyama vikuu vilivyovunjwa mwaka 1976, kabla ya sheria ya mwaka 1982 kuvirudisha. Siku zile springi ilipovunjika fundi aliitoa, akaileta ofisini, na karani akaishika mkononi vipande viwili. Hati ya malipo ilikuwa na shahidi wa chuma. Leo kilichovunjika hakionekani. Kamati huambiwa tu kwamba mashine imesema, na nani atabishana na mashine? Lakini mashine ile huandika yale tu iliyoyasikia, na kama haikusikia kitu, hiyo haina maana kwamba ndani ya nyumba hakuna mtu.

Soketi ya kupimia gari ina matundu 16, yamepangwa safu mbili za manane. Nafasi kadhaa kati ya hizo zimekubaliwa na watengenezaji wengi duniani. Ya 16 ni umeme wa betri. Ya 4 ni ethi ya bodi, na ya 5 ni ethi ya mawimbi ya mazungumzo. Ya 7 ni waya wa mazungumzo ya kizamani, ambao kompyuta na chombo hupokezana maneno juu yake kwa zamu. Ya 6 na ya 14 ni nyaya mbili zilizosokotwa pamoja, ambazo juu yake kompyuta zote za gari huzungumza kama watu barazani. Mtindo huo ulitangazwa na kampuni ya Bosch ya Ujerumani mwaka 1986. Nafasi nyingine kila mtengenezaji amejichukulia kwa matumizi yake.

Basi chombo kinapoandika kwamba hakuna mawasiliano, kompyuta iliyokufa ni sababu mojawapo tu, tena aghalabu ni ya mwisho.

Huenda soketi yenyewe haina umeme. Hili huonekana upesi kwa chombo kinachokula umeme wa gari, kwa sababu hakiwaki kabisa. Lakini vyombo vingi vya sasa vina betri yao ndani, kama simu. Huwaka, hung'aa, huonyesha picha, na fundi hadhani kabisa kwamba soketi imekauka.

Huenda umeme upo, lakini ethi ni mbovu: skrubu ya waya wa ethi imelegea au imekula kutu chini ya kebini. Hapo mita inaweza kudanganya. Waya wenye uzi mmoja tu uliobaki mzima utaonyesha volti zote kwenye mita, maana mita haivuti kitu. Ukiufungia taa, nuru yake hufifia. Kwa sababu hiyo mafundi wazuri hawaiachi taa ya kupimia nyumbani hata wakiwa na mita ya bei kubwa. Taa hiyo ni ya pini ya 16 na ya ethi pekee. Isiguswe kwenye pini za mazungumzo, kwani huvuta umeme mwingi kuliko ule ambao kompyuta imeandaliwa kuutoa, na yaweza kuiunguza kompyuta iliyokuwa nzima.

Huenda nyaya za mazungumzo zimekatika au zimegusana. Kwa zile mbili zilizosokotwa, kipimo chake ni rahisi kiasi kwamba hata katibu anaweza kukisimamia. Betri zifunguliwe, gari litulie dakika chache, kisha mita ipime ukinzani kati ya pini ya 6 na ya 14. Kila mwisho wa nyaya hizo huwa na kikinzani cha omu 120; viwili kwa pamoja husomeka omu 60 hivi. Mita ikisoma 120, upande mmoja umekatika au umepoteza kikinzani chake. Ikisoma karibu na sifuri, nyaya zimegusana. Hapa pana tahadhari: baadhi ya magari yana mabaraza kadhaa ya namna hii, na lile linalofika kwenye soketi si lazima liwe ndilo la mifuko ya upepo. Bila mchoro wa nyaya wa gari lile lile, omu 60 kwenye soketi hazithibitishi kwamba njia ya kompyuta ya mifuko ni nzima.

Tena huenda kila kitu ni kizima, ila chombo na kompyuta hawajui lugha moja. Hili ndilo linalowakamata watu wengi zaidi. Vile vyombo vidogo vya bei rahisi vinavyoungana na simu hutangazwa kuwa vinapima gari zima. Si kweli. Marekani ililazimisha soketi na lugha ya pamoja kwa magari madogo kuanzia matoleo ya mwaka 1996, na Ulaya ikafuata mwaka 2001 kwa magari ya petroli. Lakini sheria hizo zilihusu moshi wa injini. Hazikumlazimisha mtengenezaji kufungua mlango wa breki wala wa mifuko ya upepo. Range Rover ya toleo la pili, iliyoanza kutengenezwa mwaka 1994, ina soketi hiyo hiyo ya pini 16, lakini kompyuta yake ya mifuko ya upepo haizungumzi lugha ya sheria za moshi hata kidogo. Kibaya zaidi, ikiona kosa inaloliogopa hulihifadhi, hulishusha gari hadi chini kabisa, na haitalipandisha mpaka chombo kinachojua lugha yake kilifute kosa lile. Wenye magari hayo walihangaika miaka mingi kabla baadhi yao hawajajitengenezea programu zao wenyewe. Kumpelekea kompyuta ya namna hiyo chombo cha injini ni sawa na kubisha hodi kwa Kinyakyusa kwenye nyumba ya Mmakonde, kisha kurudi na habari kwamba wenyewe wamehama.

Jambo la volti nalo lisisahauliwe. Malori makubwa yana umeme wa volti 24, magari madogo volti 12. Soketi zao hufanana sana, lakini mfereji mdogo ulio katikati ya soketi ya volti 24 umekatizwa kwa makusudi, ili plagi ya chombo cha volti 12 isiweze kuingia. Akitokea fundi anayechonga plagi yake kwa kisu ili iingie, aagwe kwa heshima.

Sasa turejee kwenye lori.

Baada ya kompyuta ya pili kunyamaza kama ya kwanza, mjumbe mmoja wa kamati alikumbuka kwamba yuko mzee mjini Tukuyu aliyekuwa fundi wa umeme wa mabasi kwa miaka mingi. Mzee huyo hana chombo cha kompyuta. Alikuja na taa yake ya kupimia, mita, koleo, brashi ya waya na kipande cha sabuni. Kabla hajafungua boneti alikaa kwenye kiti cha dereva, akatazama huku na huku, kisha akauliza swali ambalo kila aliyekuwapo alidhani ni la mazungumzo tu.

“Simu yako unaichajia wapi, mwanangu?”

“Hapa hapa, Mzee,” dereva akajibu. “Lakini siku hizi haiingizi. Iliacha siku mbili tatu kabla gari halijalala.”

Mzee akachukua taa yake, akaigusisha kwenye pini ya 16 na ya 4. Haikuwaka. Akafungua sanduku la fyuzi. Katika lori lile, kama yalivyo magari mengi, tundu la kuwashia sigara na soketi ya kupimia hula kwenye fyuzi moja. Chaja ya dereva, ya bei ya gulioni, iliiunguza. Fyuzi mpya ikawekwa, taa ikawaka kwa nuru kamili. Injini ikizimwa mita ilisoma volti 25 hivi, na ikizunguka ilisoma 28, kama ipasavyo.

Mzee hakukubali kuendelea kabla kompyuta ya zamani haijarudishwa mahali pake. Alieleza sababu, na sababu hiyo yafaa kila kamati iielewe. Kompyuta ya mifuko ya upepo hupangiwa gari lake: ina ekseli ngapi, sensa ngapi, kimo cha kawaida ni kipi, mkono wa sensa unageuka kwa kiasi gani. Iliyotoka kwenye lori jingine ina mipango ya lori hilo jingine. Hata kama ingekuwa nzima, na hata kama ya kwanza ingekuwa imekufa kweli, isingefaa kitu mpaka ipangwe upya na sensa zipimwe upya kwa chombo maalumu. Bahati njema fundi wa gereji hakuwa ameitupa ile ya kwanza. Katika mkasa wote huu, hilo ndilo jambo moja alilolifanya sawasawa.

Chombo cha gereji kikaletwa tena, na safari hii kompyuta ikajibu mara moja. Iliandika kosa moja: sensa ya kimo ya nyuma kushoto, habari haifiki.

Fundi wa gereji, aliyekuwa amesimama pembeni, akasema, “Basi ni sensa. Sensa ipo dukani Mbeya.”

Pengine palikuwa pa kucheka, lakini katibu hakucheka. Wanachama saba au wanane walikuwa wamesimama kuzunguka lori, na kila mmoja alikuwa akihesabu. Yapasa kumtendea haki fundi yule pia: neno la chombo lilikuwa kweli. Habari ilikuwa haifiki. Chombo hakikusema kwamba sensa imeharibika. Kilisema kwamba barua haikupokewa. Mwandishi anaweza kuwa mzima na tarishi ndiye aliyeanguka njiani.

Kabla ya mtu kuingia chini, mzee aliagiza magogo mawili mazito yawekwe kati ya chasisi na ekseli, na magurudumu yazuiwe. Hapa hakuna mzaha. Chasisi inayobebwa na upepo inaweza kushuka ghafula wakati wowote, hasa mtu anapogusa nyaya au mabomba yake, nayo hushuka na uzito wote ulio juu. Jeki ya chini ya ekseli haisaidii, kwa maana ekseli haishuki, inayoshuka ni chasisi. Chama chenye gari la namna hii kiwe na magogo yake, na dereva asikubali fundi yeyote aingie chini bila hayo, awe mkubwa au mdogo.

Lori lilikuwa na sensa mbili nyuma, moja kila upande. Mzee hakuwa na kitabu cha kumwambia sensa nzima husoma omu ngapi, lakini alikuwa na sensa nzima ya kulia. Akafungua soketi zote mbili, akapima ya kulia, akapima ya kushoto. Zilisoma karibu sawa. Kisha akaenda kwenye soketi kubwa ya kompyuta, akapima kutoka huko kuja kwenye sensa zile zile. Ya kulia ilisomeka. Ya kushoto haikusomeka kabisa. Sensa ilikuwa nzima. Waya ulikuwa umekatika mahali fulani kati ya kebini na ekseli.

Kuutafuta kulichukua saa mbili. Soketi ya sensa ya kushoto ilikuwa imejaa maji ya matope, na pini zake zimeota ukungu wa kijani ambao shaba huota ikinyeshewa. Zikasafishwa kwa brashi na kukaushwa, lakini mita bado haikusoma. Mzee akawa anaushika waya pole pole, akiukunja kidogo kidogo kwa vidole kila shubiri moja, huku kijana akiitazama mita. Karibu na tenki la upepo, mahali ambapo kibanio cha plastiki kilikuwa kimekatika na waya ukawa unasugua chasisi, mshale ulirukaruka. Kwa nje ngozi ya waya ilionekana nzima. Ndani shaba ilikuwa imekatika. Akaunga, akafunika, akafunga kibanio kipya mbali na chuma. Lile kosa likaandikwa kwanza kwenye karatasi, kisha likafutwa kwenye kompyuta. Halikurudi. Upande wa kushoto ukainuka mbele ya watu.

Mtu mwingine angefunga vifaa vyake hapo. Mzee aliuliza swali jingine: kama habari tu ndiyo ilikuwa haifiki, kwa nini gari lililala? Kompyuta isiyopata habari huacha kufanya kazi, haitoi upepo uliomo mfukoni. Akayeyusha sabuni kwenye kopo la maji, akapaka kwenye maungio ya bomba la mfuko wa kushoto. Mapovu madogo yakatoka kwenye ungio moja. Kumbe mfuko ule ulikuwa ukivuja kidogo kwa siku nyingi, na kila ulipopungua kompyuta iliujaza bila mtu kujua. Siku waya ulipokatika, hakukuwa na wa kuujaza, na usiku ule lori likalala. Ungio likakazwa kwa spana.

Kwa hiyo makosa yalikuwa matatu, na hakuna hata moja lililohitaji kifaa cha dukani zaidi ya fyuzi, kipande cha waya na kibanio. Fyuzi ndiyo iliyoyaficha yale mawili mengine, nayo haikuwa na uhusiano wowote na mifuko ya upepo.

Jambo la umeme likaishia hapo. Jambo la chama halikuishia hapo, na hili ndilo linalowahusu makatibu zaidi.

Mkutano wa wanachama ulipoitishwa, katibu aliulizwa kwa nini alilipa. Akajibu kwamba fundi alisema kompyuta imekufa. Akaombwa aonyeshe maneno hayo. Hakuwa nayo. Katika faili kulikuwa na ankara ya kompyuta, stakabadhi ya malipo na muhtasari wa kamati wenye mstari mmoja: imekubaliwa kununua kompyuta ya gari. Hapakuwa na karatasi inayosema chombo gani kilitumika, kiliandika nini, nani alipima umeme kwenye soketi na akapata volti ngapi. Hesabu zilikuwa sawa hadi senti ya mwisho, na mkaguzi wa hesabu angezipitisha. Ila faili lisingeweza kumtetea katibu mbele ya mwanachama anayeuliza kwa nini majani yake yalikataliwa siku ambayo lori la kukodi lilichelewa.

Mwanachama mmoja, mama mwenye shamba dogo, alisema neno ambalo liliandikwa katika muhtasari. Alisema yeye hajui kompyuta, lakini anapompeleka mtoto zahanati huandikiwa joto lake kabla ya kuandikiwa dawa.

Chama hicho sasa kina daftari la gari. Fundi yeyote anayedai kifaa kibadilishwe huandika humo kwa mkono wake kabla kamati haijakaa: namba au maneno yaliyotoka kwenye chombo, yakiandikwa kama yalivyo na kabla ya kufutwa, chombo ni cha aina gani na kama kinajua lugha ya mtambo huo, volti zilizopimwa kwenye pini ya 16 na ya 4, na kama taa iliwaka kwa nuru kamili, fyuzi zilizotazamwa, na waya uliopimwa kutoka mwisho mmoja hadi mwingine. Kama fundi hakupima, huandika kwamba hakupima. Baadhi ya mafundi wamekasirika na kwenda zao. Waliobaki wamegundua kwamba daftari linawalinda wao pia, kwa sababu kifaa kikibadilishwa kwa haki, hakuna wa kuwanyooshea kidole.

Kuna makatibu watakaosema kazi hii ni ya fundi, si ya ofisi. Kupima ni kazi ya fundi, naam. Kuuliza kipimo kiko wapi ni kazi ya katibu, wala haihitaji kujua umeme zaidi ya yale yaliyosemwa hapa. Vyama visivyo na lori bado vinakodi malori ya watu, na mwenye lori naye akidai aongezewe malipo kwa sababu gari lake “limekula kompyuta,” swali ni lile lile.

Katibu alibaki kazini kwa kura chache. Kompyuta iliyonunuliwa ingali stoo, imeandikwa kwenye daftari la mali na kufungwa katika mfuko wa nailoni isipate unyevu. Aliyeiuza amekataa kuirudisha, na mkutano mkuu ndio utakaoamua kama iuzwe na kwa bei gani. Mifuko mipya ya kukusanyia majani ilichelewa msimu mzima. Dereva huchajia simu yake ofisini.